Kiti Kimoja, Marafiki Wanane

Mlioko jikoni punguzeni moto kidogo, mlioko kwenye daladala na matatu mwombeni kondakta aongeze sauti. Leo mazungumzo yetu ni ya besdei.

Kuna mtindo umeingia kwa ndugu zetu waishio Marekani. Zamani mtu akitimiza miaka 40 alikodi ukumbi, kina mama wakapika pilau kwa masufuria makubwa, watoto wakakimbizana chini ya meza, na muziki ukapigwa mpaka mwenye ukumbi akaja mwenyewe kuzima taa. Ukumbi haujafa, lakini umepata mshindani. Siku hizi marafiki wanafungua kundi la WhatsApp, wanachanga mwezi kwa mwezi kama wanavyochangia harusi, na siku ikifika wanapanda ndege kwenda Las Vegas. Nesi anatoka Minneapolis, dereva wa lori anatoka Dallas, mwanafunzi wa uzamili anatoka chuoni kwake na deni lake la ada, wote wanakutana katikati ya jangwa la Nevada wakiwa wamevaa fulana zenye picha ya mwenye besdei.

Nami nilialikwa katika msafara wa namna hiyo. Mwenye besdei nilisoma naye sekondari. Ni mtu niliyegawana naye sabuni ya kipande bwenini. Tulikuwa wanane: Watanzania watano, Wakenya wawili na Mkongo mmoja wa Bukavu. Majina siyataji, maana wote wana wazazi, na baadhi ya wazazi hao wananisikiliza sasa hivi. Ila wawili lazima niwatambulishe. Wa kwanza ni dada yetu wa Tanga, Mwislamu wa sala tano, hachezi kamari wala hagusi kileo. Huyo ndiye tuliyempa uweka hazina, na sababu mnaiona. Wa pili ni mume wa mmoja wetu, mhasibu kwa kazi na kwa tabia, ambaye wote tulimwita Shemeji, hata wale wasio na haki ya kumwita hivyo.

Sikuja leo kuhubiri juu ya kamari. Wahubiri mnao, tena hodari. Nina jambo jingine nililoliona kule, nalo ni kwamba Las Vegas inaalika watu kwa makundi, halafu ikishawapata inawatenganisha mmoja mmoja. Aliyekwenda kusherehekea na wenzake ana kazi moja kubwa, nayo ni kubaki nao.

Mji wenyewe ni mchanga kuliko hata baadhi ya misikiti na makanisa yetu ya pwani. Ulianza Mei 1905, kampuni ya reli ilipopiga mnada viwanja jangwani, karibu na mahali treni zake zilipokuwa zikichota maji. Mwaka 1931 mambo mawili yakaja pamoja: jimbo la Nevada lilihalalisha kamari, na kwenye mto Colorado ukaanza ujenzi wa bwawa la Hoover, mwendo wa chini ya saa moja kwa gari za leo. Wajenzi wa bwawa walijengewa mji wao, Boulder City, ambako serikali ilipiga marufuku kamari na pombe. Mishahara ilikokwenda siku za mapumziko mnaweza kukisia bila msaada wangu. Boulder City hadi leo haina kasino hata moja, na wakazi wake wanaonekana kulala vizuri tu.

Hoteli kubwa za kasino zilianza kujengwa nje ya mji, kandokando ya barabara iendayo Los Angeles. El Rancho Vegas ilifunguliwa 1941. Flamingo ikafunguliwa Desemba 1946 chini ya Bugsy Siegel, mhalifu aliyevaa vizuri, ambaye Juni iliyofuata alipigwa risasi Beverly Hills akiwa amekaa kwenye kochi. Barabara hiyo ndiyo leo inayoitwa Strip, karibu kilomita saba za taa. Na kuna jambo ambalo wageni wengi hawalijui: sehemu kubwa ya Strip haimo ndani ya jiji la Las Vegas. Imo katika eneo la Paradise, chini ya serikali ya kaunti. Mwaka 1950, jiji lilipotaka kupanua mipaka yake ili litoze kodi, wenye kasino walihakikisha eneo lao linatambuliwa peke yake. Kwa hiyo mtu anaweza kukaa wiki nzima Las Vegas, akala, akalala, akaoa, akafilisika, na asikanyage jiji lenyewe. Kuoa sijatia chumvi: ofisi ya kaunti inayotoa vibali vya ndoa inafunguliwa kila siku mpaka saa sita usiku.

Hata lile bango maarufu la kukaribisha wageni, lenye nyota nyekundu juu, limesimama nje ya mpaka wa jiji. Lilichorwa na mwanamke anayeitwa Betty Willis, likasimikwa 1959, na yeye hakulisajilia hakimiliki. Ndiyo maana bango hilo limo kwenye vikombe, kandambili na sumaku za friji dunia nzima. Lilikuwemo kwenye fulana zetu pia, mgongoni, na hatukumlipa mtu hata senti kwa mchoro huo. Katika safari nzima, hicho ni kimoja kati ya vitu vichache tulivyovipata bure bila mtu kututegea kitu kingine nyuma yake.

Maana pale hotelini mambo yalianza mapema. Mweka hazina wetu alikuwa na bei ya vyumba aliyoiandika kwenye daftari miezi kadhaa kabla. Mhudumu akamwambia, kwa tabasamu, kwamba pamoja na bei ile kuna ada ya kila siku, ya intaneti, ya bwawa la kuogelea, na ya chumba cha mazoezi ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nia ya kukiona. Katika hoteli kubwa za kule ada hiyo hupita dola 50 kwa usiku mmoja. Halafu juu yake kuna kodi ya takriban asilimia 13. Kuanzia Mei 2025 serikali ya Marekani imeamuru hoteli zitangaze bei nzima tangu mwanzo, lakini sisi tulikwenda kabla ya hapo. Dada wa Tanga hakupaza sauti. Alifungua daftari, akakata chumba kimoja kati ya vinne, akasema, "Wanawake watabanana. Bwenini tulibanana, na hapa tutabanana."

Tukabanana.

Sasa sikilizeni namna jumba la kasino linavyofanya kazi. Ukishuka kwa lifti kutoka chumbani, hukutani na mlango wa kutokea nje. Unakutana na ukumbi wa mashine. Ukitaka kwenda kula, njia inapita katikati ya mashine. Ukitaka maliwato, ni hivyo hivyo. Saa ukutani hakuna. Dirisha hakuna, au likiwepo liko mbali. Zulia lina maua makubwa ya rangi kali na njia zimepindapinda, hata ukajikuta umerudi ulipoanzia. Tulishuka wanane kwenda kula chakula cha jioni, tukafika mlango wa nje watano. Mmoja alisema anajaribu dola tano tu. Mwingine alirudi kumtafuta wa kwanza. Wa tatu alikaa kuwasubiri, na aliyekaa pale mbele ya mashine, mikono yake haikai.

Mashine hizi ndizo vijana wa mitaani kwetu wanaziita dubwi, ila za kule ni kubwa kama kabati, zina kioo kilichopinda, zinaimba na kutetemesha kiti. Angalieni kiti hicho. Kiti ni kimoja kwa mashine moja, kina mto wa mgongo, kimejengwa kwa vipimo ili mtu akae saa nyingi bila kuumia kiuno. Hakuna benchi. Rafiki yako akitaka kukuona ukicheza, anasimama nyuma yako, na baada ya dakika chache anajiona kikwazo, anakwenda kutafuta kiti chake mwenyewe. Tayari mmeachana.

Kuna mwanaanthropolojia wa Marekani, Natasha Dow Schüll, aliyewafuatilia wachezaji wa mashine wa Las Vegas kwa miaka mingi. Kitabu chake kilitoka 2012. Alichokiona ni kwamba waliozama kabisa kwenye mashine hawachezi ili washinde. Wanacheza ili waendelee kucheza. Wanataka ule utulivu ambao ndani yake hakuna mume, hakuna bosi, hakuna bili. Nilipolisoma hilo nilidhani ametia chumvi. Nilipomwona rafiki yangu, nesi wa zamu za usiku, ameketi pale na uso uliolegea kama mtu aliyekwisha kulala, niliacha kubishana na mwandishi.

Hesabu yake ni nyepesi, na Shemeji alitueleza tukiwa tunasubiri lifti. Sheria ya Nevada inataka mashine irudishe kwa wachezaji angalau asilimia 75 ya pesa zinazoingia. Nyingi hurudisha zaidi ya hapo. Tuseme inakula senti nane katika kila dola. Ni kidogo, siyo? Lakini mashine inakwenda mbio. Ukibonyeza mara kumi kwa dakika, kwa dola moja kila mara, kwa saa moja umezungusha dola 600, na kwa wastani umeacha dola 48. Hujala, hujanywa, hujaongea na mtu. Kinywaji kweli unaletewa bure ukiwa umekaa hapo, isipokuwa bakshishi ya anayekiletea. Mmoja wa Wakenya wetu alikokotoa kwamba soda yake ya bure ilimgharimu dola 31.

Ruleti ni mbaya kwa namna nyingine. Gurudumu la Kimarekani lina vitundu 38: namba 1 hadi 36, sifuri, na sifuri mbili. Ukiotea namba moja ikatoka, unalipwa 35 kwa moja. Tofauti kati ya 38 na malipo yale ndiyo inayolipia zulia, taa na ule mnara wa Eiffel wa bandia ng'ambo ya barabara. Kwa kila dola 100 nyumba inabaki na dola tano na senti 26. Ulaya gurudumu lina sifuri moja tu, na nyumba inabaki na dola mbili na senti 70. Miaka ya karibuni baadhi ya kasino za Strip zimeongeza sifuri ya tatu, na watu wanacheza.

Lakini nilisema sihubiri. Niwapeleke kwenye maji.

Kwetu mtu akiwa na besdei anamwagiwa maji. Hakuna asiyelijua hilo; unatoka zako kazini umevaa vizuri, na ndoo inakusubiri nyuma ya mlango. Tulikuwa tumeapa kumfanyia mwenzetu hivyo hivyo, awe Nevada au popote. Tatizo ni kwamba mji umo jangwani, na huko maji yana sheria kali. Karibu asilimia 90 ya maji ya Las Vegas yanatoka Lake Mead, ziwa lililotengenezwa na lile bwawa la Hoover, na ukiliona ziwa hilo utaona mstari mweupe kwenye miamba unaoonyesha maji yalifika wapi zamani. Mwaka 2021 jimbo lilipitisha sheria ya kung'oa nyasi za mapambo, zile zinazokanyagwa na mashine ya kuzikata peke yake. Ila maji ya ndani ya nyumba ni habari nyingine. Yanayoingia kwenye bomba la kuogea, la kufulia au la chooni, karibu yote husafishwa na kurudishwa Lake Mead. Kinachopotea ni kile kinachomwagwa nje, jua likakinywa. Mkongo wetu ndiye aliyelijua jambo hili, sijui alilisoma wapi, akatoa hukumu: mwenye besdei amwagiwe ndani ya beseni la kuogea, na kwa hiyo hakuna tone la mto Colorado litakalopotea. Ikawa hivyo. Saa sita kamili usiku, kelele zilizotoka kwenye kile chumba zilimleta mlinzi. Alipoelezwa ni mila, alituangalia, akamwangalia mwanamke wa miaka 40 aliyelowa na fulana yake ndani ya beseni, akasema heri ya siku ya kuzaliwa, akaondoka. Nadhani ameona makubwa kuliko hayo.

Maji mengine tuliyotazama ni ya Bellagio. Hoteli ile ilifunguliwa 1998 na mbele yake kuna ziwa la kutengenezwa, lenye zaidi ya midomo 1,200 ya kurusha maji, na mingine hurusha mpaka mita 140 kwenda juu, kwa kufuata muziki. Maji yake hayachotwi Lake Mead. Yanatoka kwenye kisima cha zamani kilichokuwa kikimwagilia uwanja wa gofu. Usiku maonyesho yanarudiwa kila robo saa, na hayana kiingilio. Pale ukutani kando ya ziwa tulisimama wote wanane, bega kwa bega, na hakuna aliyetoroka. Dada wa Tanga alitaka tuyaone mara tatu. Tuliyaona mara tatu. Nusu ya Strip, nawaambieni, inaonekana bure ukiwa barabarani: ile Sphere iliyofunguliwa 2023, tufe la mita 112 kwenda juu linalogeuka jicho, mara mwezi, mara tangazo la simu, kuiona kwa nje hailipishwi. Kuingia ndani ni jambo la kuuliza mweka hazina, na mweka hazina alisema hapana.

Alikubali kulipia gurudumu la angani, High Roller, kwa sababu aliyoieleza kwa maneno yake: "Mle ndani hakuna mashine na mlango unafungwa nusu saa." Gurudumu lile lilianza kazi 2014, lina mita 167, na kila chumba chake ni tufe la kioo. Kwa nusu saa hiyo tulikuwa pamoja wote wanane, na ndipo mwenye besdei alipopata nafasi ya kusikia hotuba aliyoandaliwa. Huko chini hotuba ile ilikuwa imeahirishwa kila tulipopanga kuitoa, kwa sababu kila mara kuna mtu alikuwa amekwenda kujaribu dola tano tu.

Sasa dadu. Hapa niwe mkweli: kama kuna mchezo mmoja wa kasino ninaouelewa kwa nini watu wanaupenda, ni ule wa dadu uitwao krapsi. Meza yake ni ndefu, ina kuta kama mtumbwi, na watu wanaizunguka wakiwa wamesimama. Viti hakuna. Mmoja anarusha dadu mbili, kwa mkono mmoja, na lazima zigonge ukuta wa mbali. Wengine wote wanaweka tokeni zao za kubetia kumuunga mkono. Ukirusha mara ya kwanza ukapata 7 au 11, mmeshinda. Ukipata 2, 3 au 12, mmeshindwa. Namba nyingine yoyote inakuwa shabaha: lazima uipate tena kabla 7 haijatokea. Kwa hiyo meza nzima inashinda pamoja na kulia pamoja, na watu wasiojuana wanakumbatiana. Na nyumba inakula kidogo kuliko kwingi: dola moja na senti 41 tu katika kila dola 100. Mwaka 2009, kule Atlantic City, mji mwingine wa kasino, mwanamke mmoja aliyekuwa mgeni wa mchezo huo alirusha dadu mara 154 kwa zaidi ya saa nne kabla 7 haijamtoa.

Mwenye besdei wetu alishika dadu. Tukazunguka. Mzee mmoja mweupe mwenye kofia pana aliuliza fulana zetu zinamaanisha nini, tukamwambia, naye akaitangazia meza. Basi ikawa besdei ya meza nzima. Mwenzetu akarusha, 11. Akarusha, 6, akazunguka na 8, na 5, na 10, kisha 6 ikarudi. Mzee akavua kofia akamvika. Wakenya wakaanza kuimba. Hata wale wafanyakazi wa meza, ambao nyuso zao zimefundishwa kutosema kitu, walikuwa wanatabasamu. Wasikilizaji, kwa dakika zile sikuwa Las Vegas. Nilikuwa ukumbini, pilau iko jikoni.

Ndipo mke wa Shemeji alipotazama chini.

Kwenye meza ya krapsi kuna mstari mwingine, mwembamba, wa wale wanaobeti kwamba mrushaji atashindwa. Ni halali kabisa. Kihesabu, mstari huo una nafuu kidogo: nyumba inakula dola moja na senti 36 katika kila 100, badala ya dola moja na senti 41. Tokeni za Shemeji zilikuwa hapo. Tangu mwanzo.

"Baba, unambetia nani?" mkewe akamuuliza.

"Nabeti penye nafuu," Shemeji akajibu. "Tofauti ni senti tano kwa kila dola mia."

"Siku ya besdei yake?"

"Dadu hazijui besdei."

Shabaha mpya ilikuwa imekwisha kuwekwa, na kabla hajamaliza kusema, 7 ikatoka. Tokeni za meza nzima zikafagiliwa. Mhudumu akageuka, akahesabu kwa upole, akamlipa mtu mmoja tu. Yule mzee akaichukua kofia yake kichwani kwa mwenzetu, akamtazama Shemeji kwa muda, akahama meza.

Hesabu za Shemeji hazikuwa na kosa hata moja. Lakini kikao kiliitishwa papo hapo kando ya lifti, mweka hazina akiwa mwenyekiti, na kwa kura saba dhidi ya moja alitozwa faini: ushindi wake wote uingie mfukoni mwa kundi, na kifungua kinywa cha kesho ni juu yake. Alilipa. Nadhani mpaka leo anaona tulimwonea.

Kifungua kinywa hicho ndicho kilichotuleta kwenye mazungumzo mazito. Mkongo wetu amewahi kutandika vitanda vya hoteli katika mji mwingine, na kila asubuhi aliacha pesa mezani kwa ajili ya mhudumu wa chumba, akitaka nasi tuache. Kuna aliyenung'unika. Basi akatueleza habari za chama cha wafanyakazi wa hoteli cha Las Vegas, Culinary, tawi namba 226, chenye wanachama wapatao 60,000: wapishi, watandika vitanda, wabeba mizigo, wahudumu wa vinywaji. Rais wake mwaka 1990 alikuwa Hattie Canty, mwanamke mweusi aliyezaliwa Alabama, mjane, aliyewahi kusafisha vyumba. Katika zama zake wafanyakazi 550 wa hoteli ya Frontier waligoma Septemba 1991. Walizunguka mbele ya hoteli ile mchana na usiku, kwenye joto la jangwa, mpaka mwanzoni mwa 1998, hoteli ilipouzwa na mwenye mali mpya akakubali mkataba. Zaidi ya miaka sita. Inasemwa kwa fahari kule kwamba hakuna mgomaji aliyevuka mstari kurudi kazini. Hilo nalo ni kundi ambalo mji haukuweza kulitawanya.

Na sisi watu weusi wanane tuliokuwa tunagombea bei ya vyumba, tukumbuke kwamba vyumba hivyo havikuwa vyetu siku zote. Miaka ya 1940 na 1950 waimbaji weusi Sammy Davis Jr. na Nat King Cole walijaza kumbi za Strip, kisha wakienda kulala walivuka reli mpaka mtaa wa weusi, Westside, kwa sababu hoteli walizoimba hazikuwapokea. Mwezi Mei 1955 huko ilifunguliwa Moulin Rouge, hoteli ya kasino ya kwanza mjini kupokea rangi zote. Ilijaa kila usiku, na hata hivyo kufikia mwishoni mwa mwaka ule ilikuwa imefungwa. Jengo hilo hilo ndilo lililotumika Machi 1960 kwa kikao kati ya viongozi wa NAACP (chama cha kutetea haki za weusi), wakuu wa mji na wenye hoteli, baada ya tishio la maandamano kwenye Strip, na hapo ubaguzi wa hotelini ukakubaliwa ukome.

Jioni ya mwisho tuliikimbia Strip kabisa. Las Vegas ina Waethiopia kwa maelfu, wengi wakiendesha teksi na kufanya kazi kwenye hizo hizo kasino, na migahawa yao iko mbali na taa. Tuliletewa sinia moja kubwa, injera imetandikwa, mboga na nyama na dengu juu yake. Kwa mtu wa Tanga au Lamu, kula sinia moja si jambo la kufundishwa. Watu wanane, mikono minane. Hakuna aliyesema anakwenda mara moja anarudi, kwa sababu ukiondoka kwenye sinia ukirudi hukuti kitu. Bili ya watu wote ilikuwa ndogo kuliko bufee ya watu watatu kule hotelini. Wenye mgahawa walipoona fulana zetu walileta kahawa na ubani bila kuombwa, na hotuba ikatolewa tena, safari hii ndefu zaidi, na Shemeji naye akapewa nafasi ya kusema. Alisema maneno mazuri. Alisema pia kwamba faini ile ilikuwa kubwa mno.

Uwanja wa ndege wa Las Vegas una mashine za kamari mpaka kwenye mageti ya kupandia ndege. Hapo mweka hazina alifungua daftari akafunga hesabu. Baada ya vyumba, gurudumu, chakula, bakshishi na ile faini kuingia, ilibaki salio, akaligawa kwa wanane: kila mtu dola 11 na senti kadhaa. Mimi nilinunua maji ya chupa, yakaisha hapo hapo. Mwenye besdei akatazama dola zake, akatazama mashine, akaketi.

Tulimfuata wote. Tukasimama nyuma ya kile kiti, vichwa saba juu ya mabega yake, mmoja anasema bonyeza hapa, mwingine anasema subiri kwanza, dada wa Tanga amegeuza uso lakini anauliza imefika ngapi. Shemeji peke yake alikuwa kimya, na mkewe akamwambia aweke mikono mahali inapoonekana. Mashine ilikula dola 11 zote kabla hawajamaliza kuita kundi letu la abiria, tukakimbilia geti na mizigo yetu.